Mikono Miwili na Muda: Kabla Kijana Hajaenda Kujitolea Ng'ambo

Mwaka 2014 mwandishi wa Kimarekani Pippa Biddle alichapisha makala iliyosomwa dunia nzima. Alisimulia safari ya shule iliyomleta Tanzania akiwa bado msichana wa sekondari. Yeye na wenzake walipelekwa kwenye kituo cha watoto yatima kujenga maktaba. Mchana kutwa walishinda kwenye saruji na matofali. Usiku, wageni wakiwa wamelala, mafundi wenyeji walibomoa ukuta uliopinda na kuupanga upya, ili asubuhi wanafunzi wale wasigundue kwamba kazi yao haikufaa.

Makala hiyo huwasimulia wazazi na walimu kila ninapoalikwa kuzungumza nao juu ya vijana na kujitolea nje ya nchi. Ukumbi hucheka, na kicheko chenyewe kina utamu wake, maana kwa mara moja aliyekuja kutufundisha ndiye asiyejua kazi. Nawaacha wacheke, kisha nawauliza. Mafundi walijua ukuta ni mbovu. Wenye kituo bila shaka waliwaona mafundi wakihangaika na taa usiku. Mbona hakuna aliyefungua kinywa? Hakuna aliyefungua kwa sababu kilichouzwa pale kilikuwa hisia ya mtoto kwamba amesaidia, na hisia hiyo ilikuwa imeshalipiwa kabla ndege haijaruka. Kumwambia mteja kwamba tofali lake limepinda ni kuharibu biashara.

Siku hizi lakini maswali yananijia kutoka upande wa pili. Mzazi wa Moshi au Arusha ana binti aliyemaliza kidato cha sita, na binti ameona mahali kwamba Ujerumani wanapokea vijana wa kujitolea mwaka mzima, chakula na malazi juu yao. Mwalimu wa skauti ana wanafunzi wa miaka 16 wanaotaka kujua kama na wao wanaweza kwenda kambi za nje. Wengine wametumiwa tangazo kwenye WhatsApp lenye bendera ya Kanada na namba ya kutuma ada. Sisi tuliozoea kupokea sasa tunataka kwenda, na naona kheri kubwa katika hilo. Ila tutakwenda vibaya tukibeba mawazo yaleyale waliyokuja nayo wale wa maktaba.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kijana wa miaka 17 au 18, awe wa Ohio au wa Same, hana ujuzi wa kumpelekea mtu wa nchi nyingine. Ana mikono miwili na muda. Programu nzuri inakiri jambo hilo hadharani, inampa kazi inayolingana na mikono hiyo, na inamwambia kwamba yeye ndiye atakayefaidika zaidi. Programu mbaya inamvika koti la mtaalamu na kumpiga picha. Huko atakakokwenda, urefu wa safari na bendera iliyo kwenye fulana ni mambo ya baadaye.

Historia yenyewe ya jambo hili inaonyesha kwamba wenyeji ndio walioanza kuuliza maswali. Kambi ya kwanza ya kimataifa ya kazi za kujitolea ilianza mwaka 1920 katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa, mahali palipokuwa pamesagwa na Vita Kuu ya Kwanza. Mswisi Pierre Cérésole alikusanya kikundi kidogo, Wajerumani wakiwemo, wajenge upya kile kilichobomolewa. Kazi ilivunjika baada ya miezi michache, kwa sababu wapo Wafaransa ambao hawakuwa tayari kumwona Mjerumani pale, hata akiwa na nyundo badala ya bunduki. Nia ilikuwa njema kabisa, ila aliyebomolewa nyumba hakuwa ameulizwa vya kutosha kama anamtaka huyu fundi.

Miaka 38 baadaye, mwaka 1958, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la kujitolea la VSO nchini Uingereza. Waliotumwa mwanzoni walikuwa hasa vijana wa miaka 18 waliomaliza shule na kungojea chuo, wakapelekwa Sarawak, Ghana na kwingineko. Wazo halikudumu katika umbo hilo. Nchi zilizokuwa zinapata uhuru ziliwataka watu wenye fani, na kuanzia 1962 wahitimu wa vyuo wakaanza kuchukua nafasi za wale wa shule. Tanganyika yetu ni mfano mzuri zaidi. Peace Corps ya Marekani ilipoundwa mwaka 1961, kikosi cha kwanza kuja kwetu kilikuwa cha wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Serikali changa ilikuwa na barabara za kupima, ikaomba wapimaji, ikaletewa wapimaji. Hakuna mtu aliyebomoa kazi yao usiku.

Tangu hapo mambo yamekwenda kinyumenyume. Mwaka 1968, mjini Cuernavaca, Mexico, padri na mwanafikra Ivan Illich aliwahutubia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanajiandaa kwenda kujitolea vijijini, akawaambia bila kupepesa macho kwamba wakitaka waje watembee, waje wasome, lakini habari ya kuja kusaidia waiache. Wengi wameinukuu hotuba ile, na bado vijana wasio na fani ndio waliorudi kwa wingi, safari hii kupitia makampuni yanayouza wiki mbili au tatu za kujitolea kwa maelfu ya dola, mbuga na Kilimanjaro vikiwa nyongeza.

Moshi ninakofanyia kazi imejaa nyumba za kufikia vijana hawa. Nimewapokea kwa miaka mingi na siwezi kuwasema kwa ubaya. Wengi ni watoto wa watu, wana adabu, wanatamani kuwa wema. Lakini twende darasani. Mwalimu mmoja wa chekechea kule Pasua alinifungulia daftari la mtoto. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na rangi za Kiingereza, zimeandikwa kwa mwandiko wa duara. Kurasa chache mbele, rangi zilezile, mwandiko mwingine. Mbele zaidi, rangi tena, na ua limechorwa pembeni. Kila mgeni alianza pale anapodhani watoto wote wa Afrika wanaanzia, akaondoka kabla hajafika kwenye hesabu. Mwalimu alikuwa hana la kufanya, maana mwenye shule alimwambia amwachie mgeni darasa. "Watoto wanajua rangi kuliko mimi," aliniambia, akalifunga daftari.

Hilo la rangi linachekesha. La vituo vya yatima halichekeshi. Mtoto mdogo anayebebwa na mtu mpya kila baada ya wiki mbili, akamzoea, akaachwa, anajifunza somo ambalo litamgharimu ukubwani. Zaidi ya hapo, watoto wengi walioko kwenye vituo hivyo duniani wana mzazi mmoja hai au wote wawili, na palipo na wageni wanaolipa ili wawaone yatima, yatima watapatikana. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya haki za mtoto lililotaja waziwazi madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima na uwezekano wake wa kuchochea usafirishaji na unyonyaji wa watoto. Kwa hiyo nikiulizwa na mwalimu yeyote, wa London au wa Tanga, kama ni sawa kuwapeleka wanafunzi "kuwasalimia yatima" kwa wiki moja, jibu langu ni hapana, na halina nyota pembeni.

Kuna na lile ambalo watu hupenda kulinong'ona. Mwaka 2016 mahakama ya shirikisho nchini Marekani ilimhukumu kijana wa Oklahoma miaka 40 jela kwa kuwadhulumu kingono watoto wa kituo kimoja Nairobi alikokwenda kujitolea. Alipokamatwa mwaka 2014 alikuwa na miaka 19. Mtu wa kulala nyumba moja na watoto wa wengine anatakiwa achunguzwe, awe amekuja na Biblia, gitaa au shahada. Nchini Kenya mtu huombwa cheti cha mwenendo mwema hata kwa kazi ya ofisini. Ni ajabu kwamba mgeni hukabidhiwa watoto kwa barua pepe mbili tu. Sheria ya uhamiaji nayo ipo: kujitolea Tanzania kunahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, na viza ya utalii haitoshi. Ukiona programu inamwambia kijana ajibu "utalii" akiulizwa uwanja wa ndege, umeshapata habari zote unazohitaji juu ya programu hiyo.

Sasa tuvuke bahari. Njia ninayoifahamu vizuri kwa vijana wetu ni ya Ujerumani, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana na ndiyo inayoeleweka vibaya sana.

Mwaka 2008 wizara ya ushirikiano wa maendeleo ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, wa kuwapeleka vijana wa Kijerumani wa miaka 18 hadi 28 katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Serikali hubeba sehemu kubwa ya gharama. Washirika wa huku Kusini wakalalamika, na kwa haki, kwamba mlango unafunguka upande mmoja tu. Kuanzia 2013 ukaongezwa upande wa pili, na vijana kutoka nchi washirika, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo, wakaanza kwenda kujitolea Ujerumani.

Wanapofika huko huingia kwenye utaratibu ambao Wajerumani wenyewe wanautumia. Hadi mwaka 2011 kijana wa kiume wa Kijerumani aliyekataa kushika silaha alitumikia taifa kwa njia nyingine, mara nyingi kwenye hospitali na nyumba za wazee. Jeshi la lazima liliposimamishwa mwaka huo, pengo likajazwa na utumishi wa kujitolea wa shirikisho, ulioanza Julai 2011. Ndiyo maana nafasi zipo na zina kanuni: posho ya mwezi yenye kikomo cha kisheria, bima, likizo, na siku 25 za semina kwa mwaka ambazo kijana hutoka kazini akakae na wenzake kujadili wanachokiona. Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba mtu wa kujitolea hatakiwi kuchukua nafasi ya mfanyakazi wa mshahara.

Ni kanuni nzuri kwenye karatasi, na utekelezaji wake hutofautiana. Binti mmoja wa Machame aliyerudi kutoka nyumba ya wazee kule alinieleza siku yake ilivyokuwa. Asubuhi anapaka mikate siagi na kuwamiminia watu kahawa. Baadaye anasukuma viti vya magurudumu hadi bustanini, anakata kucha za yule aliyekubali, anacheza karata na anayependa karata. Kilichomshangaza ni kwamba hakuruhusiwa kumwinua mzee kitandani peke yake. Mara ya kwanza alipojaribu, muuguzi alimzuia kwa ukali kidogo. Hakusomea kuinua watu, akiteleza ataumia yeye na mzee, basi asubiri aje mwenye kazi yake. "Mwalimu, mimi nimemwinua bibi yangu miaka yote," aliniambia huku akicheka, "lakini kule nilikuwa mtu wa siagi."

Sijawahi kupata maelezo bora ya programu nzuri kuliko hayo. Mlinganishe binti huyu na mgeni wa umri wake anayetoka Ujerumani kuja kwetu, anayetarajia kusomea udaktari siku moja. Huku kwetu kijana wa namna hiyo amewahi kuvishwa koti jeupe na kuachwa aingie wodini, mahali ambapo mtoto wetu wa kidato cha sita asingeruhusiwa kupita mlangoni. Nchi moja inamwambia kijana asiguse asichokijua. Nyingine inamfungulia mlango kwa kuwa ametoka mbali. Kosa hilo la pili ni letu sisi wenyeji, wala tusimsingizie aliyekuja.

Mzazi anayemtuma mtoto Ujerumani ajue pia kwamba posho si mshahara. Nimekaa sebuleni kwa watu nikizungumza na mama aliyekuwa ameshapiga hesabu ya kumalizia nyumba.

"Mwalimu, wanampa shilingi ngapi kwa mwezi?"

"Mama Neema, wanampa ya nauli ya basi, sabuni na vocha. Chakula na kulala wanamlipia wao."

"Na akibana matumizi?"

"Akibana sana atakonda, na huko ni baridi."

Alicheka, ila nilimwona hakuridhika. Tatizo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kijana anafika Ujerumani akiwa na miaka 19, anaanza kupokea ujumbe kutoka nyumbani: karo ya mdogo wake, dawa za babu, mchango wa harusi. Anaona aibu kusema hana, kwa sababu yuko Ulaya, na aliye Ulaya hawezi kukosa. Wapo wanaoanza kutafuta vibarua vya siri vinavyovunja masharti ya viza. Wapo wanaotamani wasirudi. Kila asiyerudi kwa njia hiyo anamwachia ofisa wa viza shaka ya kumpima nayo anayefuata. Mazungumzo ya fedha yafanyike mezani nyumbani kabla ya safari, shangazi na baba mdogo wakiwepo, maana ndio watakaoomba.

Kwa walio chini ya miaka 18 milango ni michache, na naona ni sawa. Programu nyingi za kweli za kujitolea huanzia miaka 18 kwa sababu za bima, sheria na busara. Wenye miaka 15 hadi 17 wana njia ya ubadilishanaji wa wanafunzi. Mpango wa YES wa Marekani, uliobuniwa mwaka 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, umewachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Kenya na Tanzania zikiwemo, wakae mwaka mmoja na familia ya Kimarekani, wasome shule ya kule na kushiriki kazi za jamii, bila wazazi kulipa. Mambo ya serikali hubadilika, basi mzazi ahakikishe kila mwaka kama mlango uko wazi, na aulize ubalozi wenyewe badala ya kumuuliza aliyemletea habari.

Njia nyingine ni skauti na Girl Guides, ambao watu wengi huwaona ni wa gwaride na mwenge tu. Skauti wana kituo cha kimataifa kule Kandersteg, Uswisi, tangu mwaka 1923, kinachoendeshwa kwa sehemu kubwa na vijana wa kujitolea kutoka pande zote za dunia. Girl Guides wana vituo vyao Adelboden, London, Pune na Cuernavaca, na kile cha tano, ambacho hakina jengo bali huhama kutoka nchi hadi nchi barani Afrika, kimepewa jina la Kiswahili: Kusafiri. Msichana aliyeanza na shule yake akiwa na miaka 13, akaenda kambi ya wilaya, kisha ya taifa, kisha labda Uganda au Rwanda, akifika miaka 18 ana kitabu cha kumbukumbu kinachosomeka. Anajua kuosha masufuria ya watu 60 na kuamka kabla hajaitwa. Hiyo ndiyo sifa wanayoitafuta wanaopokea, wala si Kiingereza cha puani.

Tusisahau bara letu. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea tangu 2010, kwa walio na miaka 18 hadi 35, lakini kinataka mtu aliyesoma baada ya sekondari, basi kidato cha sita asubiri. Kenya ina chama cha kambi za kazi kilichoanza mwaka 1962, na kambi kama hizo huchanganya wenyeji na wageni kwa wiki mbili au tatu. Ulikuwepo pia mpango wa ICS uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza kuanzia 2011, ambao kwangu ulikuwa na jambo moja la maana sana: vijana wa Kiingereza waliokuja Tanzania na Kenya waliwekwa pamoja na vijana wenyeji wa umri uleule, wakaishi nyumba moja kwa mwenyeji, wakafanya kazi moja. Mtoto wa Kinondoni aliyelala kijijini kusini alikuwa mgeni karibu sawa na yule wa Leeds. Nao huo ulikufa Uingereza ilipopunguza fedha za misaada. Ni hasara ambayo hatujaizungumzia vya kutosha, kwa sababu vijana wetu waliopita humo ndio ninaowakuta leo wakiendesha vikundi vya maana wilayani.

Sasa upande wa giza, maana jina "kujitolea" limeshakuwa chambo, kama ahadi yoyote ya kwenda nje. Mnamo Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza jinsi wasichana wa Kiafrika, kutoka Uganda, Rwanda, Kenya na nchi nyingine, walivyovutwa na matangazo ya mpango wa kazi na masomo kule Alabuga, Tatarstan, nchini Urusi. Walengwa walikuwa na miaka 18 hadi 22, tiketi bure, mafunzo ya hoteli na upishi yakitajwa. Wengi walijikuta kiwandani wakiunganisha droni za vita dhidi ya Ukraine. Aprili mwaka huohuo bweni katika eneo lile lilishambuliwa na droni za Ukraine na vijana wakajeruhiwa. Tangazo halikuwa na kosa hata moja la tahajia, na tovuti ilipendeza kuliko za vyuo vyetu. Basi mzazi asijidanganye kwamba utapeli hujulikana kwa sura.

Utapeli mdogo, ule wa ada ya "usajili" kwa simu, unajulikana zaidi na nitaupita. Ila huu wa katikati unanisumbua: wakala anayechanganya kwa makusudi kujitolea, uyaya wa Ulaya na kazi za ndani za Ghuba, akimwambia kijana kwamba yote ni "kwenda nje". Si mamoja. Yaya wa Ulaya anaishi na familia akitunza watoto kwa mkataba wake. Mfanyakazi wa ndani ni mfanyakazi, ana haki za mfanyakazi au ananyimwa. Mtu wa kujitolea ana shirika linalomtuma, shirika linalompokea, na mtu wa tatu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Asiyeweza kukuonyesha watu hao watatu kwa majina na anwani anakuuzia kitu kingine.

Namna ninavyopenda kulifungua jambo hili shuleni ni ya kawaida sana. Sianzi na ramani ya dunia. Nawapa wanafunzi karatasi na kuwaambia waandike Jumanne moja ya huko wanakotaka kwenda: wataamka saa ngapi, nani atawaelekeza kazi, kazi yenyewe ni nini, na kama wasingekuwepo ingefanywa na nani. Nusu ya darasa huandika "kuwasaidia wahitaji" na kukwama hapo. Wachache huandika mambo ya kweli, na aghalabu ni wale ambao tayari wanafanya kitu: anayechota maji msikitini, anayewafundisha wadogo zake hesabu jioni, aliyekwenda na babu yake kwenye msaragambo wa kuchimba mfereji kule Upareni. Hao ukiwahoji hawana maneno mengi. Wanajua kwamba kwenye mfereji mtoto hubeba mawe na mzee ndiye anayesema mawe yawekwe wapi.

Nawaambia pia wapige simu kwa anayepokea, si kwa anayetuma tu, wamuulize aliomba watu wangapi na kwa kazi gani. Mwenyeji aliyeomba hujibu upesi na kwa undani, pengine hata kwa manung'uniko juu ya aliyetangulia. Aliyeletewa tu hukujibu kwa brosha.

Halafu kuna kalenda, ambayo huwaangusha wengi kuliko mahojiano. Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei. Wahitimu huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na vyuo hufungua baada ya hapo, kabla mwaka haujaisha. Nafasi nyingi za Ujerumani huombwa miezi mingi kabla, na anayeomba anatakiwa awe na Kijerumani cha kuanzia, ambacho hakipatikani kwa wiki tatu za kukariri. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000, na kabla ya hiyo kuna cheti cha kuzaliwa chenye majina yanayolingana na ya shule, jambo ambalo kwa familia nyingi ni safari zaidi ya moja ya kwenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Chuo nacho kiulizwe mapema kama kinaruhusu kuahirisha mwaka, pamoja na mkopo wake. Aliye kidato cha tano sasa anao muda wa kutosha wa kuyapanga haya. Aliyeshika matokeo mkononi leo amechelewa kwa mwaka huu, na ofisi ya Msalaba Mwekundu ya mkoani kwake inapokea vijana bila pasipoti.